Kinyaa cha Samaki wa Mama

Juzi nilipanda pikipiki kwenda mjini, kumbe dereva alikuwa amefunga gunia la mikebuka, wale samaki wa ziwani wa kukaushwa kwa chumvi, mbele yake, juu ya tangi. Jua kali, upepo unatoka mbele, harufu yote inanijia usoni. Na mikebuka yenyewe ilikuwa imenyeshewa ikafungwa ingali na maji, kwa hiyo mwenye kujua samaki ananielewa. Nilimwambia anishushe hapo hapo. Nikamaliza safari kwa miguu, natema mate kila hatua kumi, mtu mzima na heshima zangu, mama wa watoto watatu. Watu wa Kalemie wakisikia kwamba mimi siiwezi harufu ya samaki hunicheka, kwa sababu hapa kwetu hiyo ndiyo harufu ya mji. Na wacheke. Mimi nimekulia ndani yake na naichukia mpaka leo.

Mama yangu alikuwa anapasua samaki. Tulikuwa tumeshuka kutoka kaskazini ya ziwa, upande wa Fizi, mimi nikiwa bado mgongoni. Baba akaenda Manono kuchimba madini, akawa anatukumbuka siku alizokumbuka. Mama akabaki na kisu chake na beseni zake. Alfajiri alikwenda ufukweni kuwapokea wavuvi, akarudi na samaki kichwani, maji yao yakimtiririka shingoni mpaka ndani ya blauzi. Halafu alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba na kuanza. Kisu kinaingia mgongoni karibu na kichwa, kinashuka hadi mkiani, samaki anafunguka. Vidole viwili vinaingia tumboni vinakwangua kila kilichomo na kukitupa kwenye ndoo iliyopasuka ukingo. Kumwaga ile ndoo ilikuwa kazi yangu. Sitaki kuieleza sana. Nitasema tu kwamba matumbo ya samaki yakikaa juani saa moja yanaanza kuchemka yenyewe, na kwamba ndoo ile ilikuwa inavuja.

Kisha chumvi, kisha beseni na mawe juu, mpaka kesho yake samaki wanaelea kwenye maji yao ya kahawia. Kisha wanaanikwa. Wakati wa kiangazi kazi ilikwenda vizuri, lakini masika, jua likikataa kutoka siku tatu, utawafunua samaki asubuhi ukute funza chini ya mashavu, weupe, wanene, wanajikunja. Mama alinipa kijiti cha kuwatoa, mmoja mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na kijiti hicho ndicho kilicholipa minerval, ada ya shule yangu. Naelewa. Nilielewa hata wakati ule, ila shukrani sikuwa nayo hata chembe.

Na katikati ya uchafu huo wote, Mama alikuwa anaongea na Yesu. Hakuwa anasali kama kanisani, kwa kusimama na kufumba macho. Alikuwa anaongea naye kwa sauti ya chini, macho wazi, kisu kinatembea, tangu samaki wa kwanza mpaka wa mwisho, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua kuhusu bei ya chumvi. Maneno sikuyasikia. Nilikuwa nasimama mbali nimeziba pua, napata ule mnong'ono tu, na kila baada ya muda Mama anageuka pembeni, anakohoa, anatema mate, anaendelea. Hilo lilinichukiza kuliko funza. Nilikuwa najiuliza atawezaje kulitaja jina la Bwana na vidole vimo ndani ya matumbo ya samaki. Hana hata haya ya kunawa kwanza?

Mawazo hayo nilikuwa nayapata kwa Mama Shukuru, aliyetufundisha sisi watoto kila Jumapili kabla ya ibada. Alikuwa mwanamke msafi wa kutisha. Alinukia poda na mafuta ya nazi, na kitambaa chake cha kichwa hakikuwahi kukunjamana. Alitufundisha lile fungu la mzabibu na matawi, kwamba Mkristo anakaa ndani ya Yesu kila siku, si Jumapili peke yake, na akikatika anakauka. Hapo hakukosea. Lakini baadaye aliongeza ya kwake. Alisema Yesu ni mgeni mtakatifu. Anapita mlango kwa mlango, na akikuta mahali pananuka haingii, anapita zake. Kwa hiyo unawe mikono, unawe miguu, usukutue mdomo, ndipo umwite.

Labda alisema hivyo ili tuoge tu. Watoto wa karibu na ziwa wanapenda kuogelea, si kuoga. Mimi nikalichukua lote lilivyo. Nilikuwa namwona Yesu kabisa, akishuka njia yetu na kanzu yake nyeupe, anafika kwenye ua wetu wa mabati, anakunja uso, anapandisha kanzu asikanyage maji ya ndoo, anakwenda kukaa kwa majirani waliouza vitenge. Leo nacheka. Wakati ule nilikuwa naogopa kwelikweli. Baba hayupo, ndugu wako mbali, na kama Yesu naye anaruka nyumba yetu kwa sababu ya harufu, tumebaki na nani?

Kwa hiyo nikaanza kujitafutia usafi wangu mwenyewe. Kanisani sikukaa na Mama tena. Alikuwa anaoga mara mbili kabla ya ibada, anajisugua na ndimu mpaka kwenye kucha, lakini harufu ya samaki iko chini ya ngozi, haiogeki. Watu walimwachia nafasi kidogo kwenye benchi, kwa adabu, bila kusema neno. Mimi nilikwenda kukaa mbele na watoto wa wauza vitenge. Jumapili moja msichana mgeni, familia yake ilikuwa imetoka Nyunzu, aliniuliza yule mama wa nyuma anayeniangalia sana ni nani. Nikamwambia ni jirani yetu. Nikasema hivyo bila hata kupepesa macho, halafu nikafungua kinywa nikaimba na wengine.

Karibu na mwisho wa masika kanisa lilifanya siku ya shukrani. Kila mama alileta kazi ya mikono yake, mihogo, mawese, kuku, ikapelekwa mbele kwa nyimbo, halafu ikapikwa uani na watu wote wakala pamoja. Mwaka ule kulikuwa na jambo zaidi. Pasta alikuwa amepanga kutangaza siku hiyo kiongozi wa wamama wanaotembelea wagonjwa, na watu wote walijua ni Mama. Miaka yote alikuwa anawatembelea bila cheo, jioni, akitoka kwenye samaki. Sikuwahi kumwona anataka kitu kwa ajili yake mwenyewe ila hicho. Alishona hata blauzi mpya. Na kwa matoleo yake alichagua mikebuka ishirini, mikubwa, iliyokauka sawasawa, akaipanga kwenye beseni jipya na kuifunika na kitambaa cheupe.

Jumamosi mchana akaenda kumwona mgonjwa, akaniacha na lile beseni. Nikafunua kitambaa. Harufu ikanipiga. Nikamwona Yesu amekaa mbele kwenye kiti cha heshima, kuku wanapita, mihogo inapita, halafu anakuja Mama na beseni lake, na Yesu anatoa kitambaa mfukoni na kuziba pua mbele ya kanisa zima. Hapana. Sikuweza kuacha jambo kama hilo litokee.

Nikachukua sabuni ya unga iliyowekwa kwa ajili ya sare yangu ya shule, yote, na burashi ya kufulia. Nikaiweka mikebuka kwenye karai, nikaifua. Nasema nikaifua, mmoja mmoja, tumbo na mgongo, nikasugua hadi ndani ya mashavu. Maji yakawa ya kijivu, magamba yakanikwama kwenye kucha, na macho yao makavu yakavimba tena yakawa yananitazama. Mara mbili nilikimbia kwenye ukuta kutapika. Nikarudi, nikaendelea, machozi yananitoka, nikimwambia Yesu avumilie kidogo, nakaribia kumaliza. Kusuuza ndiko kulikonishinda, kwa sababu maji yalikuwa yanachotwa mbali na ndani kulikuwa na ndoo mbili tu. Nikaianika juu ya mabati ya moto hadi ikakauka, nikaipanga kama ilivyokuwa. Ilinukia maua. Nilijisikia kwamba jioni ile Yesu ameingia kwetu kwa mara ya kwanza.

Asubuhi nilimwambia Mama kwamba beseni nitalibeba mimi. Alinitazama kwa mshangao, kisha akafurahi hata akashindwa kuficha. Binti yake amekubali kubeba samaki! Harufu ya sabuni aliisikia, akadhani ni gauni langu. Tukaenda mbele kwa wimbo, yeye anacheza taratibu na blauzi yake mpya, mimi na samaki wangu wa maua kichwani, na kwa mara ya kwanza sikuona haya kuwa karibu naye.

Uani, Mama Shukuru ndiye alikuwa mkubwa wa vyungu. Samaki wakatiwa na nyanya na vitunguu, mawese juu, moto chini. Nilikuwa nacheza na wenzangu niliposikia wamama wanaitana. Sufuria lilikuwa linatoka povu. Povu la rangi ya machungwa, zito, linapanda, linamwagika kwenye kuni, linazidi kupanda. Wakalitoa kwa kijiko, likarudi. Mmoja akasema labda ni mafuta ya samaki wenyewe, kwa vile wamenona. Wakaendelea kupika hivyo hivyo, na sahani ya kwanza, kama ilivyo desturi, ikapelekwa kwa Pasta.

Akakata tonge la bugali, akachovya, akatia mdomoni na kipande kizuri cha samaki. Akatafuna mara mbili, akatulia. Macho yakamjaa maji. Mtu yule alikuwa na adabu, akameza. Alipofungua kinywa ili ashukuru, povu dogo likatokea pembeni mwa midomo yake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Shemasi aliyekuwa amekula kwa haraka alikimbia nyuma ya kanisa, tukamsikia wote. Watoto wakaanza kutema chini. Na watu wakaacha kuuliza samaki wameharibika namna gani, wakaanza kuuliza wametiwa nini. Kwetu kuna wauzaji wanaopulizia samaki dawa ya wadudu ili inzi wasitage. Kila mnunuzi anaiogopa. Muuza samaki akishaitwa kwa jina hilo kazi yake imekwisha, hata kama hajawahi kuigusa. Mama Shukuru alikuja akasimama mbele ya Mama, ameshika mwiko.

"Mama Riziki," akasema, "unawekaka dawa ya wadudu mu samaki?"

 Mama akachukua kipande kwenye sahani, akakinusa. Akakirudisha. Kisha macho yake yakaanza kunitafuta katikati ya watoto mpaka yakanipata, yakashuka kwenye mikono yangu. Sabuni ilikuwa imenichubua, vidole vyekundu, ngozi imetoka kwenye vifundo. Niliificha nyuma, lakini alikuwa ameshaiona. 

"Dawa sijawekaka hata siku moja," akasema. "Lakini kosa imetoka mu nyumba yangu, na mwenye nyumba njo miye. Munisamehe."

Na mimi? Mimi niliyekariri mafungu yote, niliyefua samaki kwa ajili ya Yesu, nilinyamaza. Nikienda kulala leo nikakumbuka kunyamaza kule, najichukia zaidi ya nilivyowahi kuchukia funza yeyote. Tangazo la kiongozi halikusomwa siku ile. Mama alilichukua beseni lake tupu, tukarudi nyumbani, hakuniuliza neno. Nilisubiri fimbo. Fimbo ningeielewa.

Jumatatu alikwenda ufukweni kama kawaida, na sokoni hakuna aliyesimama kwenye meza yake. Jumanne vilevile. Samaki wakarundikana nyumbani, wengine wakaanza kuoza, tukawa tunawala wenyewe asubuhi na jioni, mimi nikitafuna na kukaza koo ili wasirudi. Alhamisi sikuweza tena. Nilijua Mama humwambia Yesu kila kitu, na nilitaka kujua amemwambia nini juu yangu. Nikajibanza nyuma ya bati, karibu na kigoda chake, nikaondoa mkono puani ili nisikie vizuri. Sikuwahi kukaa karibu vile.

"Yesu," alikuwa anasema, kisu kinatembea, "umeona nimerudi tena ku hii kazi. Harufu inanishinda. Toka nianze sijaizoea. Riziki amefanana na miye, njo maana hawezi. Usimukasirikie. Kaa na miye mupaka beseni iishe."

Kisha akageuka pembeni kukohoa, na kwa kuwa nilikuwa karibu niliona kwamba hakikuwa kikohozi. Mama alikuwa anatapika. Maji ya njano tu, kwa sababu hakuwa akila chochote kabla ya kazi, na sasa nikajua kwa nini. Akayafukia kwa mguu, akafuta mdomo kwa mkono, karibu na bega, sehemu pekee iliyokuwa safi, akachukua samaki mwingine na kuendelea na maongezi pale alipoyaacha.

Nilimwonea huruma, na huruma yangu ilikuwa ya kitoto. Nilidhani nimegundua siri mbaya: Mama anaomba kila siku, na Yesu hasikii. Angekuwa anasikia, si angemwondolea kile kinyaa? Lakini lile neno la kwamba asinikasirikie lilinikaa kifuani, likanikosesha raha mpaka Jumapili. Wakati wa ushuhuda, watu wazima wakisimama kueleza namna walivyoponywa, nami nikasimama. 

"Hakuna dawa," nikasema. "Ni miye nilifua samaki na sabuni, juu Yesu asisikie harufu yetu. Na ule mama wa nyuma si jirani. Njo mama yangu."

Pasta akaanza kucheka. Alicheka hata akatoa kitambaa, na watu wote wakamfuata, isipokuwa Mama, na Mama Shukuru aliyekuwa anatazama chini. Nilikwenda nyuma nikakaa kwenye ile nafasi iliyoachwa karibu na Mama. Aliweka mkono wake begani kwangu, na mkono ulinuka. Sitasema uongo kwamba siku ile ulinukia vizuri. Ulinuka, nikakaa. Cheo walikuwa wameshampa mama mwingine katika wiki ile, hawakukirudisha. Wanunuzi wengine walirudi taratibu, wengine walituruka mpaka mwisho.

Leo mimi ni mfanyakazi wa afya. Hapa kwetu kipindupindu hakituachi muda mrefu, na kikija mimi ndiye ninayebeba ndoo zilizo chini ya vitanda. Watu wanadhani mtu huzoea. Sijazoea. Miaka ya mwanzo nilikuwa nangoja nifike nyumbani, nioge, nivae nguo safi, ndipo niseme na Yesu, na nikishaoga nalala. Miezi ikapita bila neno moja kati yetu. Nilikuwa safi na mkavu kabisa. Siku moja mzee mmoja alitapika kwenye mkono wangu wakati nimemwinua kumnywesha, matapishi yakaingia ndani ya glavu. Sikuwa na pa kwenda. Nikaanza kunong'ona hapo hapo, chini ya barakoa, kama mtu anayeongea na aliye karibu. Hata hivyo nilitoka nyuma ya hema la wagonjwa nikatapika. Halafu nilirudi kwa yule mzee.

Mama sasa anaishi kwangu, samaki aliwaacha zamani. Jioni ya siku ile ya mzee nilimkuta anachambua mchele, nikakaa karibu naye, nikamuuliza kitu nilichokuwa nimekibeba tangu utoto, kama Yesu aliwahi kumjibu ile sala yake ya kwenye kigoda. Akasema alimjibu kila siku. Nikamwambia nilimwona, nilikuwa nyuma ya bati, alikuwa anatapika.

"Nilikuwa natapika, ndiyo," akasema, bila kuinua macho kwenye mchele. "Lakini hata siku moja sikutapika peke yangu."

Nami miaka yote ile nilikuwa hatua chache tu kutoka kwao, nimeziba pua.